Namba Yangu na Safu za Bibi

Namba ya kwanza niliyoandika kwenye ubao wa korido ilikuwa ya simu ya mwalimu wa nidhamu. Niliikata sifuri ya mbele, zikabaki tarakimu tisa, na chini yake nikaandika kwa mwandiko wa adabu: ni namba nzima, ni kubwa kuliko milioni mia moja, ichunguzeni kwa njia mbalimbali. Wanafunzi wakaichunguza kwa njia moja tu. Waliichunguza Ijumaa jioni, wakaichunguza Jumamosi, na mmoja wao, ambaye mpaka leo simjui ingawa namheshimu, aliichunguza Jumapili asubuhi mwenye simu akiwa kanisani, wakati wa sala ya toba.

Ubao wenyewe uko shuleni kwetu Kimandolu, ukutani karibu na ofisi ya walimu, umepakwa rangi nyeusi juu ya plasta. Ni wazo la madam wa hesabu. Kila Jumatatu mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu anaandika hapo namba kubwa aliyoichagua na sifa zake: inagawanyika kwa nini, haigawanyiki kwa nini, ina tabia gani. Namba inakaa wiki nzima. Ijumaa, kwenye paredi ya asubuhi, mwenye namba anasimama mbele kuitetea, na yeyote anaruhusiwa kumuuliza. Tunaiita Namba ya Wiki. Kabla yangu ilikuwa kitu cha amani.

Baada ya ile Jumapili, bibi yangu aliitwa. Mama anapika kwenye hoteli ya watalii huko mbugani na anarudi kwetu Kaloleni mara moja kwa mwezi, kwa hiyo kwenye karatasi za shule mlezi ni bibi. Bibi anakaa juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa, na ana kitalu cha miche. Alitelemka na gambuti zake zenye matope, akakataa kiti, akasikiliza kesi yote akiwa amesimama. Kisha akasema:

"Nimekuja kwa adabu mara moja. Mkiniita tena sitakuja kuomba msamaha. Nitakuja na gunia, nitie vitabu vyake humo, tupande wote. Nina miche inamsubiri."

Mwalimu wa nidhamu alitabasamu kama mtu aliyeazimwa fimbo ndefu kuliko yake.

Nisieleweke vibaya. Watu wanadhani mtu wa utani hapendi shule. Mimi naipenda sana. Mtu wa utani akikosa darasa ni mtu anayeongea peke yake, na huko kwenye kitalu wasikilizaji ni miche ya kahawa, ambayo haijawahi kucheka. Tena bibi si mtu wa vitisho. Akisema atakuja na gunia, ujue gunia limeshakung'utwa.

Madam wa hesabu ndiye aliyeniombea. Akanipa wiki nyingine, ya mwisho wa mwezi. "Namba ya kweli na sifa za kweli," alisema. "Ukinidanganya tena, barua ya kumwita bibi yako nitaandika mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu."

Nikaamua kuwa mkweli. Nalisema hili taratibu kwa sababu ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyeiamini baadaye.

Namba yangu niliitoa kwa bibi. Bibi hatamki jumla ya kitu chochote kinachoota au kinachopumua. Ukimuuliza ana mbuzi wangapi, atakuuliza wewe unawatakia nini. Wazee wengi wa kwetu wako hivyo: jumla ikitamkwa kuna kitu kinasikia, kinakuja kupunguza. Lakini mwenye kitalu lazima ajue alicho nacho, kwa hiyo bibi anahesabu kwa safu na baki. Anapanga vile viriba, vimifuko vya plastiki vyenye udongo na mche, kwenye safu zinazolingana, halafu anasema, "Safu tisa, baki nne." Anajua, wewe unajua, na kile kinachosikiliza hakijui. Na baki ikiwa moja, ule mche mmoja hauuzwi. Ni mche wa njia. Anapewa mtu wa kwanza kupita pale nje.

Nilipokuwa mdogo nilimsaidia kupanga, na niligundua kwamba mama mmoja muuza maandazi hupita pale kila jioni, na akipewa mche wa njia hutoa andazi. Basi nikawa napanga na kupangua. Safu za tano hazibakizi moja, najaribu za saba. Za saba zinabakiza tatu, najaribu za nne. Nilikula maandazi mengi kwa njia hiyo. Na nilikuwa nikiota kuhusu mafungu ya miche ambayo ukiyapanga vyovyote yanabakiza mmoja. Andazi la uhakika.

Mwezi ule nikaitengeneza hiyo namba. Nilichukua namba tasa za mwanzo, zile ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Nikazizidisha zote pamoja, nikapata 30,030. Hiyo inapangika kwa safu yoyote kati ya hizo bila baki. Nikaongeza mche mmoja. 30,031. Sasa ipange kwa mbili, inabaki moja. Kwa tatu, moja. Kwa tano, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, moja, moja, moja, moja. Kwa kompyuta hiyo ni namba ya kitoto. Kwa mtu mwenye kalamu na karatasi ni mlima, na mimi nilikuwa nimekaa kileleni.

Nikajaribu kumi na saba, ikakataa. Nikajaribu kumi na tisa, ikakataa. Nikajiambia: namba ndogo zote zimekataliwa, na kubwa zimejengwa kwa ndogo, basi na kubwa zitakataliwa. Hoja ilinipendeza sana. Ilikuwa fupi, na mimi nilikuwa na njaa.

Jumatatu nikaandika ubaoni: 30,031. Sifa ya kwanza: imezidi kwa moja zao la namba tasa sita za mwanzo. Sifa ya pili: ukiigawa kwa yoyote kati ya hizo sita, baki ni moja. Sifa ya tatu: ni namba tasa. Na kwa sababu mdomo wangu hauna breki, nikaongeza chini: atakayeipatia kigawo nitambebea begi mpaka shule ifungwe.

Shule nzima ilipita pale na hakuna aliyejali. Watu walikuwa wanasubiri namba ya simu ya mkuu wa shule. Aliyejali alikuwa mmoja, na kwa bahati yangu mbaya tunakaa naye dawati moja. Ni msichana mtaratibu, anapiga mstari chini ya kichwa cha habari kwa rula hata kwenye karatasi ya rafu. Mapumziko ya saa nne akatoa daftari, akaandika 30,031 juu ya ukurasa, akaanza kugawanya.

"Unafanya nini?"

"Nataka mtu wa kunibebea begi."

"Utazeeka bila kumpata."

"Kumi na saba, baki tisa," akasema, wala hakunitazama. "Kumi na tisa, baki kumi na moja. Ishirini na tatu, baki kumi na sita. Kesho nitaendelea."

"Utaishia wapi?"

"Mia moja sabini na tatu. Ikifika hapo bila kugawanyika, nitakubali. Zaidi ya hapo hakuna haja, kigawo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo."

Hilo nililijua, madam alishatufundisha. Sikuwa nimelitumia tu. Ndipo nilipopata kile kijibaridi cha kwanza, kidogo, mahali fulani chini ya tai. Nikakicheka.

Jumanne akafika thelathini na moja. Alifurahi kuona kwamba ishirini na tisa nayo ilibakiza kumi na sita, kama ishirini na tatu. Alinionyesha kama mtu anayekuonyesha mapacha. Nikamwambia asome riwaya.

Jumatano ni siku ya soko Tengeru. Bibi hushuka na miche, na nikitoka shule nampitia, tunabeba isiyouzwa, tunaipanga upya kitaluni. Mwaka huu alikuwa amefungua kitalu kipya kando ya mfereji. Safu zake ni ndefu, viriba hamsini na tisa kila moja. Alitaka sitini, lakini mwisho wa kitalu kuna jiwe jeusi la mlima ambalo vijana watatu walishindwa kuling'oa, bibi akasema basi, sitini ilikuwa tamaa.

Tulikuwa tumeinama, mimi mwanzo wa safu, yeye kwenye jiwe.

"Shule wanasemaje?" aliniuliza. Tangu siku ya gambuti, swali hilo lilikuwa na uzito wake.

"Wiki hii namba yangu ndiyo iko ubaoni, bibi. Ya kweli. Haipangiki. Ukiipanga kwa safu yoyote inabakiza."

"Safu yoyote."

"Yoyote."

"Hata hizi zangu?"

"Hata hizo."

"Umezipanga?"

"Haina haja, bibi. Nimethibitisha."

"Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza umezipanga."

Bibi hakuwa ananifundisha. Alikuwa tu na kitalu kimoja kikubwa, na kwake kitu kisichopangwa pale hakijapangwa. Nikachukua kijiti, nikasawazisha udongo wa pembeni, nikaandika ili nimridhishe. Hamsini na tisa ndani ya mia tatu, mara tano, inabaki tano. Shusha tatu, hamsini na tatu, haiingii, sifuri. Shusha moja. Mia tano thelathini na moja. Hamsini na tisa mara tisa.

Mia tano thelathini na moja.

Nikafuta kwa kiganja, nikaandika tena. Nikafuta tena. Mara ya tatu nilianza kuzidisha kwenda juu, hamsini na tisa mara mia tano na tisa, nikiomba nikosee mahali. Sikukosea. Sijawahi kuwa sahihi kwa uchungu namna ile.

"Baki ngapi?" bibi akauliza toka kwenye jiwe.

"Hakuna."

"Kwa hiyo hakuna mche wa njia." Akaendelea kupanga. Kisha akaona sijasogea. "Shule wanajua?"

"Wanajua nini?"

"Kwamba inapangika."

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Kesho."

"Haya," akasema. "Lete vile viriba, havina miguu."

Nilirudi Kaloleni. Hebu tazama nilivyokaa. Nikisema nimekosea, nani ataamini? Mtu aliyewapigisha watu simu ya mwalimu kwenye sala ya toba anasimama na kusema, jamani, safari hii nilikuwa mkweli ila nimekosea. Hata mimi ningecheka. Nikinyamaza, kuna daftari la yule msichana, linalopanda taratibu kama maji. Jumatano alikuwa ameacha arobaini na moja. Nikahesabu kwenye vidole: Alhamisi, kwa mwendo wake, arobaini na tatu, arobaini na saba, labda hamsini na tatu. Ijumaa kabla ya paredi, ile yenyewe. Angeikuta dakika kumi kabla sijaitwa mbele. Kama angepanga kwa makusudi asingeweza kupanga vizuri hivyo.

Nilianza kuona hamsini na tisa kila mahali. Namba za bodaboda nilizipita nikizigawanya kimoyomoyo. Mlango wa chumba cha jirani yetu una namba, na nilisimama pale mpaka akatoka kuniuliza kama namdai.

Kisha nikapata wazo, na lilikuwa wazo zuri kiasi kwamba bado naliheshimu. Kama 30,030 ukiongeza moja inagawanyika, je, ukipunguza moja? 30,029. Nilikaa mezani na kugawanya kwa namba tasa zote kuanzia kumi na saba mpaka mia moja sabini na tatu, zote thelathini na nne, hesabu moja baada ya nyingine, kazi ambayo ningeifanya Ijumaa iliyopita nisingekuwa hapo. Ilikataa zote. Ilikuwa tasa, ya kweli kabisa, na ilikuwa pale pale jirani, imekaa kimya, nami nilichagua jirani yake.

Kilichotakiwa ni kubadili tarakimu mbili. Futa 31, andika 29. Nani angekumbuka?

Alhamisi sikumwambia mtu. Asubuhi madam alikuwa na wageni. Mchana alikuwa anakula, na mtu hamwambii mwalimu kitu kama kile akiwa na kijiko mdomoni. Saa nane alikuwa peke yake kabisa, anasahihisha, mlango wazi, nikapita mara mbili. Mara ya pili aliinua macho.

"Una shida?"

"Hapana, madam. Nilikuwa napita."

"Umejiandaa kwa kesho?"

"Nimejiandaa, madam."

Wengine walipotoka, nikabaki kwenye korido. Nikalowesha kidole kwa mate, nikafuta ile moja ya mwisho. Ilitoka mara moja. Nikageukia tatu, na hapo ndipo nikaona sifa ya pili, chini, kwa mwandiko wangu wa adabu: baki ni moja. 30,029 haibakizi moja. Kwa saba inabakiza sita, kwa kumi na moja inabakiza kumi. Ningebadili hiyo pia. Na ya kwanza, maana haizidi, inapungua. Ningeandika ubao mzima upya. Na bado kungekuwa na daftari lenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari kwa rula.

Nikairudisha ile moja. Lakini chaki mpya juu ya ubao wenye unyevu ni nyeupe kuliko chaki ya Jumatatu. Moja yangu iling'aa kama jino la bandia. Nikaipulizia, nikaipapasa kwa mkono wa sweta, ikawa mbaya zaidi. Nikaenda nyumbani.

Ijumaa asubuhi jirani yangu wa dawati alikuwa amekaa kwenye ngazi, daftari juu ya magoti. Nikakaa karibu yake. Sikuwa na mpango. Nilikaa kama mtu anavyosimama kuangalia ajali.

"Jana niliishia hamsini na tatu, baki thelathini na tatu," alisema. "Bado namba yako ni ngumu. Nimeanza kukuheshimu, na sipendi."

Akaandika hamsini na tisa. Nikaiangalia kalamu. Tano. Sifuri. Alipofika kwenye tisa mkono wake ulipunguza mwendo, akaandika mia tano thelathini na moja chini ya mia tano thelathini na moja, akapiga mstari kwa rula, akaandika sifuri. Kisha akanigeukia, na sijui aliona nini usoni kwangu, maana hakucheka.

"Ulijua."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Juzi."

Akafunga daftari. "Utasema wewe au niseme mimi?"

"Nitasema mimi."

"Na begi?"

"Nitabeba."

"Zito," akasema. "Nina kamusi."

Kengele ikalia. Mlima ulio nyuma ya shule ulikuwa wazi asubuhi ile, hauna hata wingu, kila kitu kilionekana vizuri mno. Niliitwa mbele. Nikasimama, mikono nyuma, nikaona nyuso zikijiandaa kucheka kwa mazoea tu.

"Namba yangu ni thelathini elfu na thelathini na moja," nikasema. "Sifa ya kwanza ni kweli. Ya pili ni kweli. Ya tatu si kweli. Si namba tasa. Ni hamsini na tisa mara mia tano na tisa."

Wakacheka. Walicheka vizuri, kwa moyo wote, na kwa mara ya kwanza maishani nilitaka watu wanyamaze.

"Kijana," mwalimu wa nidhamu akasema, "umekaa wiki nzima unatudanganya, na leo unakuja kutuonyesha ulivyotudanganya?"

"Hapana, mwalimu. Nilidhani ni kweli."

"Ulidhani." Akawageukia wanafunzi. "Alidhani."

"Mwalimu, subiri kidogo," madam wa hesabu akasema. Alikuwa upande wa bendera, na shajara yake mkononi. "Kukosea si kudanganya. Hiyo namba niliigawanya nyumbani Jumatatu jioni, nikajua si tasa. Niliiacha makusudi, nione nani ataifikia. Na kosa lake ni zuri. Kuna watu wazima wangelifanya." Akanitazama, na mimi nikaanza kunyoosha mgongo. "Nina swali moja tu. Ulijua lini?"

Kulikuwa na jibu tayari kabisa mdomoni. Leo asubuhi, madam, pale kwenye ngazi, tulikuwa tunagawanya na jirani yangu. Lilikaribia kuwa kweli. Ngazi zilikuwepo, jirani alikuwepo, hesabu ilikuwepo. Nikamtafuta yule msichana kwenye mstari. Alikuwa anaangalia viatu vyake, na nikaelewa kwamba angenyamaza, na kwamba baada ya hapo angehamia dawati lingine.

"Jumatano, madam."

"Jumatano asubuhi?"

"Jioni."

"Na jana saa nane ulipopita mlangoni kwangu?"

"Nilikuwa najua."

Hakuna aliyecheka sasa. Madam alifungua shajara yake, akaifunga.

"Basi siku mbili ilikuwa kosa," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "na siku mbili ilikuwa kitu kingine." Aliandika barua mwenyewe, kwa kalamu yake, kama alivyoahidi.

Bibi alikuja Jumatatu. Gunia lilikuwa limekunjwa mara nne chini ya kwapa. Mwalimu wa nidhamu alimweleza: adhabu ni wiki moja nyumbani, halafu ataangaliwa. Bibi akasikiliza akiwa amesimama. Kisha akanigeukia mimi, si mwalimu.

"Ile ya kitaluni?"

"Ndiyo, bibi."

"Uliniambia utawaambia kesho yake."

"Ndiyo."

"Uliwaambia?"

"Hapana."

Akalikunjua gunia. Mwalimu wa nidhamu akakohoa. "Bibi, nimesema ni wiki moja tu."

"Wewe umesema wiki," bibi akamjibu kwa upole. "Mimi sikusema wiki. Nilisema nikiitwa nitakuja kumchukua. Nimekuja." Akaniambia nitie vitabu. Nilivitia kimoja kimoja, taratibu, nikidhani labda katikati ya Jiografia na Kemia mtu atasema kitu. Hakuna aliyesema. Hata mwalimu wa nidhamu alionekana kama mtu aliyevuta kamba akaona ukuta unakuja.

Wiki ile bibi hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilijaza udongo kwenye viriba, nikamwagilia, nikapanga. Gunia lilining'inia kwenye msumari jikoni, vitabu vikiwa ndani, na sikuthubutu kuuliza. Kila jioni nilipanga maneno ya kuuliza na kila jioni niliyapangua. Nilijaribu utani mara moja tu, kuhusu lile jiwe jeusi, kwamba linafanana na mtu ninayemjua wa nidhamu. Bibi alisema, "Mwagilia."

Jumapili, baada ya kanisa, alinipa fungu la mwisho nilipange kwenye safu za mfereji. Nilikuwa nimefika mwisho wa safu ya mwisho, karibu na jiwe, nilipoinua kiriba kwa papara, kikagusa ncha ya jiwe na kupasuka. Udongo ukanimwagikia miguuni. Mche ukalala chali, mizizi nje, myeupe kama imeshtuka. Bibi alikuwa ndani. Pembeni yangu palikuwa na mfereji, maji yanakimbia. Ningeweza kuutupa humo na safu ingebaki na pengo dogo tu kwenye kivuli cha jiwe.

Niliona mguu wangu ukienda kwenye mfereji kabla mimi sijaenda. Kisha nikapiga kelele kumwita, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, hadi kuku wakaruka.

Bibi akatokea mlangoni. "Safu ngapi?"

"Kumi na mbili, baki hamsini na nane. Zilipaswa kuwa kumi na tatu kamili. Nimepasua kiriba kimoja."

"Lini?"

"Sasa hivi, bibi. Udongo bado uko kwenye kiatu."

Alikuja mpaka pale. Akakitazama kiatu, akautazama mche, akauokota na kuuviringisha kwenye jani la mgomba pamoja na udongo wake. Akaingia ndani. Nikasikia msumari wa jikoni ukilia, kisha akatoka na gunia, akaniwekea begani. Lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka. Juu ya vitabu alikuwa ameweka sare yangu, imepigwa pasi, na sijui aliipiga siku gani.

"Kesho gari la kwanza," alisema. "Na huyu aliyevunjika mpelekee yule anayebebewa begi. Mwambie akimwagilia vizuri atapona."

Sikuwahi kumwambia bibi habari za begi, na yale ya kwenye ngazi tuliyasikia wawili tu. Nimekaa nalo hilo mpaka sasa, nikijaribu kuhesabu ni nani aliyempigia simu, na kila nikihesabu, anabaki mmoja.